Programu ipi ununue kuchambua data za mtandaoni, nimezipanga kuanzia ninayoiamini zaidi

Kama data zako ni komenti za Facebook, makala za magazeti ya mtandaoni na video za YouTube, swali la kwanza sio programu gani maarufu, ni ukurasa utauingizaje na baadaye kazi yako utaitoaje. Mimi nilisevu komenti za posti moja kama PDF, siku ya kuanza koding (kubandika lebo kwenye vipande vya data) nafungua nakuta majibu yote yamebaki ndani ya "ona zaidi", na posti yenyewe ilishafutwa. Iliniuma sana. Kwa hiyo fungua komenti zote kwanza ndo usevu, hapo hakuna programu itakayokuokoa.

Namba moja yangu ni MAXQDA. Ni ya kulipia, na kwa mwanafunzi anayejilipia bei inauma, ila ina Web Collector ya kuweka kwenye Chrome, unabofya tu ukurasa unasevika, kisha unauingiza kwenye mradi wako, halafu Windows na Mac ni ile ile. Kilichoniteka mimi hasa ni Kiswahili: ukitafuta "nunu" inakuletea alinunua, tumenunua, hainunuliki, vyote. Kule kutafuta maneno ya mzizi mmoja kunakosifiwa kwenye programu nyingi kumetengenezwa kwa lugha zinazobadilika mwishoni mwa neno, sisi neno linaanza kubadilika mbele kabisa! Na ile koding ya kujiendesha yenyewe au kupima hisia usiitolee hela kabla hujaijaribu kwa komenti zako mwenyewe za Kiswahili.

Ya pili QualCoder, ya bure kabisa. Inapokea maandishi, PDF, picha, sauti na video. Kui-install kunasumbua kidogo na sura yake haivutii, ila kazi inapiga, kama huna hela anza na hii bila wasiwasi.

Dedoose ya tatu, hasa mkiwa timu, unalipia kwa mwezi na mwezi ambao hujaigusa hulipi, tatizo inategemea intaneti muda wote, bando likikata kazi imesimama.

NVivo nimeiweka ya nne najua wengi mtapinga maana ndo supavaiza wanaitaja. Ni programu nzuri, ina NCapture yake ya kubeba kurasa, na kama chuo chako kina leseni itumie tu. Ila kwa hela yako mfukoni fikiria mara mbili, mafaili ya Windows na ya Mac hayafanani, mkiwa wawili mtasumbuana.

Una makala ishirini tu za maandishi? Taguette, bure, nusu saa umeshaijua.

Wa kuchambua X msifuate mafunzo ya zamani ya kuvuta twiti, API (njia ya programu kuvuta data moja kwa moja) ya bure ya kuvutia twiti ilifungwa 2023.

Kabla hujalipa, MAXQDA wanatoa siku 14 za majaribio: ingiza ukurasa wako halisi, weka lebo kama kumi, toa mradi kwa fomati ya QDPX (ya kuhamisha mradi kati ya programu hizi) kisha ufungue kwenye QualCoder uone lebo zimefika zote.