Rimu na matairi ya Mark X kwa barabara za Tanga: ipi ya kwanza, ipi ya kuacha dukani

Toyota Mark X ya 2004 hadi 2009, ile yenye kodi ya muundo GRX120, huja na rimu za inchi 16 zenye matairi 215/60R16, au inchi 18 zenye 225/45R18 kama ni toleo la S. Gari likishafika Tanga, mwenyewe huanza kutazama rimu za watu wengine. Fedha nyingi hupotea hapo, kwa sababu anachagua umbo la rimu kwanza, kisha anatafuta tairi lolote litakaloingia. Sisi tunaanza upande wa pili: ukuta wa tairi. Huo ndio unaosimama kati ya rimu na shimo.

Kimo cha ukuta kinapatikana kwa hesabu ndogo. Kwenye 215/60R16, chukua asilimia 60 ya 215, unapata milimita 129. Kwenye 225/50R17 ni 112, kwenye 225/45R18 ni 101, na kwenye 245/35R19 ni 86 tu. Kila unapopanda inchi moja unatoa takribani nusu inchi ya mpira na kuweka aloi mahali pake. Kwa anayezunguka barabara za namba za Ngamiani na kurudi nyumbani Raskazone, si tatizo kubwa. Kwa anayekwenda Segera kila wiki, na kukutana na matuta, rasta na viraka vilivyochimbika kwa malori, milimita hizo ndizo zinazoamua kama rimu itafika nzima.

Namba nne za kujua kabla ya kutoa hata shilingi

Ya kwanza ni PCD. Mark X ni 5x114.3, yaani studi tano kwenye duara la milimita 114.3. Rimu za Altezza, Verossa na Mark II zina kipimo hicho hicho. Za Wish na Premio ni 5x100, haziingii. Hatari zaidi ni 5x112 za Benz na Audi, kwa sababu zinakaribia kuingia. Muuzaji atakwambia "zinaingia, kaza tu". Zitaingia kweli, lakini kila studi itakuwa imevutwa pembeni kwa milimita moja na kidogo, nati hazitakaa sawa, na siku moja studi zitaanza kukatika. Mwache na rimu zake.

Ya pili ni tundu la katikati. Habu ya Mark X ina milimita 60.1. Rimu nyingi zisizo za kiwanda zina tundu kubwa zaidi, mara nyingi 73.1, ili ziuzwe kwa magari ya aina nyingi. Pengo hilo linazibwa kwa pete. Bila pete, rimu hukaa kwa kutegemea nati peke yake, na ikikaa kando kidogo tu usukani unatetemeka kuanzia kilomita 80 kwa saa hivi, hata kama balansi imefanywa mara tatu. Watu wengi hubadilisha bushi na tairodi kwa ugonjwa ambao dawa yake ni pete nne.

Ya tatu ni ofseti, yaani umbali kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso wake unaokaa kwenye habu; ikipungua, rimu inatoka nje zaidi. Geuza rimu yako ya sasa usome nyuma ya mikono ya rimu: utaona kitu kama 7J, yaani upana wa inchi 7, na namba ya ofseti. Tuseme ni 7J na ofseti 50. Ukinunua 7.5J yenye ofseti 45, ukingo wa nje unatoka kwa milimita 11 hivi, na wa ndani unabaki karibu palepale. Hilo linakubalika. Ukinunua 8J yenye ofseti 35, ukingo wa nje unatoka kwa milimita 28. Gari litapendeza likiwa limesimama. Ukipakia watu wanne na mabegi kwenda Korogwe, tairi la nyuma litaanza kula ukingo wa fenda kwenye kila tuta, na beringi za magurudumu zitabeba mzigo ambao hazikuutarajia.

Ya nne ni nati. Uzi ni M12x1.5, spana ya 21. Rimu nyingi za aloi za kiwandani za Toyota hutumia nati zenye washa bapa, wakati karibu rimu zote za kubadilisha zinataka nati zenye kichwa cha koni cha digrii 60. Ukifunga nati bapa kwenye tundu la koni, inagusa ukingo tu. Italegea. Nunua seti mpya ya nati 20 pamoja na rimu, wala usikubali kuchanganya.

Tunavyozipanga

Nafasi ya kwanza tunaipa inchi 17, upana 7 au 7.5, ofseti 45 hadi 50, na matairi 225/50R17. Kipenyo chake chote ni milimita 657 dhidi ya 664 za tairi la inchi 16, pungufu ya asilimia moja na kidogo. Dashibodi ikisema 100, unakwenda kama 99, kwa hiyo tochi ya trafiki haikuonei. Gari linashika kona vizuri zaidi kuliko kwenye inchi 16, jambo utakaloligundua mapema ukipanda Lushoto kutoka Mombo, na bado ukuta ni mnene kiasi cha kuvumilia shimo uliloliona umechelewa. Mwenye familia, au anayetoka nje ya lami mara kwa mara, achukue 215/55R17: ukuta unapanda hadi 118, kipenyo kinazidi cha awali kwa milimita nne tu. Tahadhari moja: si kila rimu ya 17 inapita kalipa za mbele, zile zinazobana diski za breki, kwa sababu umbo la mikono hutofautiana. Ifunge bila tairi, izungushe kwa mkono, na pengo lisipungue milimita 3.

Ya pili ni inchi 18 za kiwandani, zilizovuliwa kwenye Mark X ya S. Hazihitaji pete, ofseti ni ya gari lenyewe, na aloi yake ni imara. Kinachozishusha nafasi moja ni ukuta wa 101 na bei ya tairi. Tafuta tairi lenye namba ya mzigo 95 lenye maandishi XL, yaani lililoimarishwa kwa mzigo mkubwa, badala ya 91, maana 91 ni kilo 615 kwa tairi na 95 ni kilo 690, ila lile la XL lisipopewa upepo wa kutosha faida hiyo haipo.

Ya tatu, ambayo vijana hawapendi kuisikia: baki na inchi 16 zako, zipeleke kwa fundi zinyooshwe na kupigwa rangi, kisha fedha yote iende kwenye matairi manne mapya yenye jina. Kwa anayepandisha gari kuelekea Amani kila wiki, hii kwake ndiyo ya kwanza. Mark X ya GRX120 inasukumwa na magurudumu ya nyuma, na injini yake ya lita 2.5 ina nguvu za kutosha kuuzungusha mkia wa gari kwenye lami yenye maji. Tairi jipya kwenye rimu ya zamani linakusaidia kuliko rimu mpya yenye tairi kipara.

Inchi 19 tunaziweka mwisho. Zinawezekana, 245/35R19 ina kipenyo cha 654 na inataka rimu ya 8J hadi 9.5J, lakini ni uzito zaidi kwenye shokapu, na shimo moja linaweza kuharibu rimu na tairi kwa pamoja. Zikiwa za kuiga, nyepesi kwa bei na nzito kwa kilo, hata nafasi ya mwisho hazistahili.

Spesa, vile vipande bapa vinavyowekwa kati ya habu na rimu ili kuisogeza nje, hatuzipangi popote. Nati inatakiwa kuingia kwa mizunguko isiyopungua minane kamili kwenye studi. Ukiweka spesa ukahesabu sita, toa.

Kukagua rimu ya mtumba

Rimu nyingi hutoka Dar es Salaam na kushushwa na basi stendi ya Kange. Kabla ya kutuma fedha, omba picha ya mgongo wa rimu inayoonyesha upana, ofseti na alama za JWL na VIA, ambazo ni alama za viwango vya Kijapani. Picha ya mbele haina maana; rangi mpya huficha mengi. Zikifika, zipandishe zikiwa tupu kwenye mashine ya balansi na uangalie ukingo wa ndani, si wa nje. Huko ndiko rimu hupinda. Pitisha kidole nyuma ya mikono inapokutana na duara: mstari mwembamba kama unywele ni ufa, na mahali penye uvimbe laini usiofanana na kwingine pamechomelewa. Ufa uliochomelewa karibu na studi au kwenye mkono hatuukubali kwa bei yoyote.

Sisi watu wa pwani tuna adui wa ziada, chumvi. Gari linalolala Sahare au karibu na ufukwe wowote huota unga mweupe kwenye aloi pale tairi linapokalia rimu. Tairi linapoteza upepo polepole, fundi anatafuta pancha haioni. Dawa ni kuvua tairi, kusugua ukingo kwa brashi ya waya hadi aloi ing'ae, kupaka gundi ya ukingo, na kuweka valvu mpya. Rimu za kromu huathirika zaidi: kromu ikianza kubanduka kwenye ukingo, upepo hautakaa.

Tairi lenyewe

Kwenye ukuta kuna herufi DOT na mwishoni tarakimu nne. 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Likiwa limepita miaka mitano kabla hujalinunua, liache, hata kama kashata, yaani meno ya tairi, bado ni ndefu. Joto letu hukausha mpira ambao haujatembea. Kuna tairi jingine la kuogopa: la theluji, linaloshuka likiwa limefungwa kwenye gari kutoka Japani. Limeandikwa STUDLESS na lina mikato mingi myembamba. Mpira wake ni laini kwa ajili ya barafu. Kwenye lami ya Tanga saa nane mchana linaisha haraka, linayumba kwenye kona, na breki zake kwenye mvua ni dhaifu. Huonekana jipya, ndiyo maana hununuliwa.

Kwenye matairi mapya soma neno Traction: chukua AA au A, hiyo ni breki kwenye maji. Kwenye Temperature chukua A. Herufi ya mwendo V inatosha. Ukiweza kununua mawili tu, yakae nyuma. Kwa zile Mark X zinazosukumwa na magurudumu yote manne, nunua manne ya aina moja kwa pamoja, maana kipenyo kikitofautiana mfumo wa kugawa nguvu hufanya kazi bila kupumzika.

Siku ya kufunga

Safisha uso wa habu kwa brashi. Kutu ya unene wa karatasi inatosha kuleta mtetemo. Pete ikiwa ya aluminiamu, paka grisi kidogo kwenye mdomo wa habu ili isigande, lakini studi ziache kavu. Nati ianze kwa vidole, zikazwe kwa mtindo wa nyota gari likiwa juu, kisha lishushwe na kumaliziwa kwa spana ya kipimo, 103 Nm. Bunduki ya upepo hukata studi au hupindisha diski, mkataze fundi kumalizia nayo. Upepo fuata kibandiko cha mlango wa dereva, upime asubuhi kabla gari halijatembea. Geuza usukani hadi mwisho pande zote mbili, pakia watu nyuma, pita kwenye tuta taratibu usikilize.

Nati hulegea kidogo rimu mpya inapojikalisha. Ukitoka Tanga asubuhi, simama Segera, acha zipoe, uzikaze tena.