Miaka miwili nikihesabu nyimbo zangu kwa foobar2000

Duka langu la kuchapisha na kutoa nakala liko Kondele, Kisumu, na muziki hulia humo tangu saa mbili asubuhi hadi nifunge. Nyimbo zote hutoka kwenye laptopu moja kuukuu ya Windows: benga, ohangla na rumba nilizokusanya kwenye flashi mwaka baada ya mwaka. Kila nikiulizwa nampenda mwanamuziki gani, jibu langu halikubadilika: Owino Misiani. Nilitaka kujua kama nasema kweli.

Programu ninayochezea nyimbo ni foobar2000. Ni ya bure, imekuwepo tangu 2002, na aliyeiunda ni Peter Pawlowski, ambaye kabla ya hapo alikuwa na watengenezaji wa Winamp. Ni nyepesi, na laptopu yangu huimudu huku nikichapisha. Ila yenyewe haikuhesabii. Unaongeza kipande kingine kiitwacho Playback Statistics. Ukishakipakua, hakikuombi bando tena. Kila wimbo unawekewa kumbukumbu yake: umechezwa mara ngapi, mara ya kwanza lini, mara ya mwisho lini, na uliingia lini kwenye maktaba. Last.fm, huduma ya mtandaoni inayohesabu nyimbo unazosikiliza, nimeitumia pia na sina ubaya nayo, lakini hiyo lazima ifikiwe kwa mtandao, na mtandao wa huku kwetu una siku zake.

Jambo moja lilinipotezea wiki tatu za kwanza: wimbo usiokuwa kwenye maktaba ya programu hauhesabiwi. Mimi nilikuwa nachomeka flashi na kucheza papo hapo, kisha nashangaa mbona safu ya hesabu ni tupu. Hamisha nyimbo kwenye folda moja ndani ya kompyuta, ielekeze programu kwenye folda hiyo, ndipo uanze.

Halafu elewa inavyohesabu. Wimbo ukishacheza dakika moja, umehesabiwa. Last.fm ni tofauti: husubiri wimbo ufike nusu, au dakika 4, chochote kitakachotangulia. Kwa nyimbo fupi za redioni si neno. Kwa rumba ya Franco na TPOK Jazz inayopita dakika kumi, ni neno kubwa, kwa sababu dakika moja ya kuonja na robo saa ya kusikiliza zote zinaandikwa moja. Ningependa wangeniachia nichague mwenyewe.

Kazi kubwa, na ndiyo iliyonifaidi zaidi, ilikuwa majina. Nyimbo zangu nyingi nilijaziwa kwenye maduka ya mjini ambako hakuna anayejali nani aliimba nini. Programu huutambua wimbo kwa yale maelezo yaliyofichwa ndani ya faili: msanii, albamu, namba, jina la wimbo. Sasa Misiani kwenye kompyuta yangu alikuwa watu watano: D.O. Misiani, Owino Misiani, D.O. 7, Shirati Jazz, na Shirati Band. Kila mmoja na hesabu yake ndogo. Mbaya zaidi ni zile zilizoandikwa "Track 01" bila msanii. Zikiwa mbili zenye maelezo yaleyale, programu inazichukua kuwa wimbo mmoja, na hesabu zinachanganyika.

Nilizirekebisha jioni kwa jioni, nyimbo kama ishirini kila siku. Asubuhi moja mzee mmoja alikuwa ameketi kwenye benchi akisubiri nakala za hati ya shamba, miguu ikifuata muziki. Wimbo ulipoingia kwenye magitaa akainua kichwa.

"Nyathina, huyo umemwandika nani hapo?"

"Misiani, jaduong'."

"Hapana. Sikiza hilo gitaa la juu. Huyo ni Ramogi na C.K. Jazz. Huu nimeucheza mimi, baba yako bado hajaoa."

Nilirudisha wimbo mwanzo tukausikiliza wote wawili. Alikuwa sahihi. Kabla hajaondoka alinisahihishia nyimbo tisa, nami sikumtoza zile nakala.

Hapa nikuonye. Marekebisho hayo yafanye ndani ya foobar2000 yenyewe: chagua wimbo, bonyeza Alt na Enter, andika jina jipya. Ukifanya hivyo hesabu inaufuata wimbo. Nyimbo za kwanza nilizirekebisha kwa programu nyingine, na zote zikaanza upya kutoka sifuri kama zimezaliwa jana.

Hasara iliyoniuma zaidi ilikuja mwezi wa nane. Laptopu iligoma kuwaka, nikampelekea fundi, akaifuta yote na kuweka Windows upya bila kuniuliza. Nyimbo nilikuwa na nakala zake kwenye diski. Hesabu za miezi saba zilikuwa kwenye folda ya programu, na hizo zilikwenda. Kumbe kwenye menyu ya Playback Statistics kuna amri ya kuandika hesabu ndani ya faili za nyimbo zenyewe, na nyingine ya kuzitoa kama faili moja ya kuhifadhi. Sasa kila Jumamosi jioni kabla ya kufunga natoa hiyo faili na kuiweka kwenye flashi ninayokwenda nayo nyumbani.

Matokeo? Baada ya majina kukaa sawa, Misiani ni wa pili. Wa kwanza ni George Ramogi, na kwa mbali. Lakini kilichonishika ni kitu nisichokitafuta. Benga nyingi za zamani zilitoka kwenye santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, na wimbo usipoenea upande mmoja ulikatwa: sehemu ya kwanza huku, ya pili kule. Faili zetu zimebaki hivyo hivyo. Kuna wimbo mmoja wa Ramogi ambao sehemu yake ya kwanza nimeicheza mara 38, na ya pili mara 104. Nikaangalia jozi nyingine, na nyingine. Karibu zote ni hivyo. Sehemu ya kwanza ndiyo yenye maneno mengi. Ya pili mwimbaji anapisha, magitaa yanafukuzana na besi inakimbia chini yake. Miaka yote nimekuwa nikiwaambia watu napenda benga kwa ajili ya maneno yake, na vidole vyangu vilikuwa vinaruka maneno kila siku.

Kama una nyimbo zako mwenyewe kwenye kompyuta, nakushauri uiweke, mradi uwe na subira ya kupanga majina. Kama unasikiliza kwa simu na kwa bando tu, haitakufaa sana.

Siku hizi nina orodha inayojijaza yenyewe, kwa jina lake autoplaylist: nimeiagiza inikusanyie nyimbo zilizochezwa chini ya mara tatu. Jumatatu iliniletea wimbo mmoja wa nyatiti, kile kinanda cha nyuzi cha Waluo, ambao safu yake ya hesabu ilisoma 1. Nilikuwa nabana mitihani ya shule, mikono imejaa karatasi, nikauacha ukalia hadi mwisho. Leo ni Alhamisi na safu inasoma 6.