Flashi na kioo cha Fresnel kwa ndege walioligeuzia jua mgongo: nilivyovitumia Hombolo

Napenda kupiga ndege jua likiwa nyuma yao. Kingo za manyoya zinawaka kama nyuzi za shaba, na keremkeremu akikunjua bawa unaliona jua likipenya ndani yake. Shida ni upande unaonitazama mimi: mweusi tii, kama chungu cha jikoni. Nikiongeza mwanga kwenye kamera ndege anaonekana, lakini anga linakuwa jeupe lote na ule mng'ao niliouamkia alfajiri unakufa. Ndiyo maana mwezi wa sita nilinunua flashi pamoja na kioo chake cha kupeleka mwanga mbali.

Flashi yenyewe ni ya bei nafuu, inatumia betri nne za AA. Nilitumiwa kwa basi kutoka Kariakoo. Hicho tunachokiita kioo ni kipande cha plastiki chembamba chenye mistari ya duara, kinasimama mbele ya flashi kwa mikono miwili na mkanda wa kunatisha. Ni wazo la Mfaransa Augustin Fresnel, aliyelitumia kwenye minara ya kuongozea meli miaka ya 1820: mwanga usitawanyike, uende mbali ukiwa umeshikana. Mimi nautuma kwenye mbuyu.

Nimekitumia zaidi upande wa Hombolo, kilomita kama 40 kutoka Dodoma mjini, kati ya bwawa na mashamba ya zabibu. Saa moja asubuhi naweka ISO 100 (wepesi wa kamera kunasa mwanga), f/8 (upana wa tundu la lenzi), na spidi ya shata sekunde 1/200, maana kamera yangu ikipita hapo flashi haiendi nayo sawa. Ipo namna ya kupiga kwa spidi kubwa zaidi, ila inamega nguvu ya flashi vibaya sana. Nilijaribu siku mbili nikaacha.

Kioo kinafanya kazi, hilo sina ubishi nalo. Umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga unaomfikia ndege unabaki robo tu, kwa hiyo flashi tupu kwa ndege aliye mita 12 inataka nguvu yote, halafu unasubiri kama sekunde tano ijae tena. Kwezi hasubiri sekunde tano. Nikiwa na kioo napiga kwa moja ya nane ya nguvu, picha tatu nne mfululizo. Kwezi wa kijivu, yule mwenye mkia mrefu ambaye watu wa hapa hata hawamgeukii, ana jicho la njano hafifu. Bila flashi jicho hilo lilikuwa linazama kwenye kivuli cha kichwa chake mwenyewe. Sasa lina nukta moja ya mwanga, na ndege anaonekana yu hai.

Usizidishe tu. Picha zangu za wiki ya kwanza zote ni kama ndege waliokatwa gazetini wakabandikwa angani. Siku hizi naacha flashi stopu mbili chini ya mwanga wa jua, yaani robo yake, mtu asijue kama ilipigwa. Kwenye viota siitumii, na bundi wa usiku namwacha apumzike.

Sasa kasoro, nayo ni kubwa. Kioo kinachokusanya mwanga wa kutoka kinakusanya na wa kuingia. Mimi nalielekea jua! Asubuhi moja jua limeshapanda kidogo, nimeegesha kamera kwenye tripodi namsubiri hondohondo arudi kwenye tawi lake, mzee mmoja akawa anapita na mbuzi. Nikamwamkia.

"Marahaba, mjukuu wangu. Hiyo redio yako inaungua."

Nilicheka kwanza. Kisha nikanusa plastiki. Kwenye uso wa flashi palikuwa na shimo la kahawia, dogo kama punje ya uwele, na kamoshi kembamba kanatoka. Hondohondo wala hakurudi.

Niliporudisha malalamiko, muuzaji alinijibu kwamba kuungua si ubovu wa kiwandani. Sikubishana sana, lakini kwenye boksi hapakuwa na neno hata moja la tahadhari, na kifaa chenyewe kinauzwa kwa ajili ya watu wanaopiga ndege wakitazama jua. Hilo bado linanikera.

Flashi inawaka mpaka leo, na doa lake. Kama huna, nunua, na ununue betri za kuchaji seti mbili, maana za dukani zinaisha kabla hujafika kwenye mbuyu wa pili. Kioo nacho nunua ikiwa lenzi yako ni ya 300mm kwenda juu. Kwa lenzi fupi kitamulika katikati tu na kuacha kingo giza. Cha kwangu sasa nakivisha kipande cha khanga kuukuu kilichobanwa kwa kibanio cha nguo, na sikivui mpaka ndege awe ameshatua.