Fundi wa pleya za santuri Ngamiani: nimempima kwa Bohemian Rhapsody

Kama una pleya ya santuri imelala kabatini hapa Tanga, usiitupe. Ipeleke Ngamiani kwa yule fundi wa redio mwenye kibanda cha bluu.

Yangu ni ya marehemu baba. Ilikuwa inazunguka kwa kusuasua, na spika ya kulia imekufa. Fundi wa kwanza niliyempelekea alisema ninunue tu spika ya bluututhi. Huyu wa Ngamiani alifungua, akatoa mpira uliolegea akaweka mwingine, kisha akafuata nyaya za kichwa cha sindano mmoja mmoja, nyembamba kama nywele, mpaka akaukuta uliokatika pale mkono unapopindia. Akalehemu mbele yangu. Akafunga na sindano mpya niliyoagiza Dar.

Nilikuwa nimebeba A Night at the Opera, albamu ya bendi ya Queen ya Uingereza, kwa makusudi. Wimbo wake Bohemian Rhapsody uko karibu na mwisho wa upande wa pili, jirani na lebo, ambako duara ni dogo na sindano hupata tabu kusoma. Halafu wimbo wenyewe umejaa. Mwaka 1975 wanabendi Freddie Mercury, Brian May na Roger Taylor walirekodi sauti zao tabaka juu ya tabaka, hadi watu watatu wakawa kwaya. Tepu ilikuwa na njia 24 tu za kurekodia, ikabidi sauti ziunganishwe kila mara ili nafasi ipatikane. May amesimulia kuwa tepu ilichakaa hadi mwanga ukapenya. Sindano mbovu ikifika hapo unasikia uji mtupu.

Safari hii piano ilikuja safi. Gitaa la May, lile alilolitengeneza nyumbani na baba yake, likaingia bila kukwaruza. Kisha sehemu ya opera, ambapo kwaya inabishana juu ya kijana: hawa wanataka aachiwe, wale wanakataa, kulia na kushoto, sauti ya Taylor juu kabisa. Kwa spika moja, miaka yote nilikuwa nasikia upande mmoja wa mabishano! Nilisisimka mwili mzima.

Kijana wa meza ya pili akaacha kulehemu.

"Dada, huyu kasema bismillahi?"

"Kasema. Freddie Mercury huyo, mtoto wa Unguja, kazaliwa Mji Mkongwe 1946."

Akaomba irudiwe. Fundi akairudisha mwenyewe.

Mimi nimelelewa na taarabu za Black Star na Lucky Star, vikundi vya hapa Tanga, wimbo mrefu haunitishi. Uingereza dakika 5 na sekunde 55 za wimbo huu ziliwatia watu shaka, wakidhani redio hazitaupiga. Mtangazaji Kenny Everett akaupiga mara 14 mwisho wa wiki mmoja, na ulipotoka ukakaa kileleni mwa chati ya Uingereza wiki 9. Mercury alipofariki Novemba 1991 ukapanda tena namba moja. Haki yake kabisa.

Ufundi ni shilingi 25,000 pamoja na mpira. Sindano ni juu yako. Kasoro yake ni ahadi: akisema keshokutwa, piga simu kwanza kabla hujapanda bodaboda. Risiti uiombe, hakupi mwenyewe. Na nenda na santuri unayoijua vizuri, uisikilize yote kabla ya kulipa. Hatakuharakisha.