Nyota 3, na zote ni za mafundi

Mdogo wangu anahudumiwa na hili shirika la watu wenye ulemavu mwaka wa 3 sasa, kwa hiyo siongei ya kusikia. Kabla ya kukupa kiti mwendo mafundi wanakupima kwanza, upana wa nyonga, urefu wa mguu, mpaka mto wa kukalia, sio ile ya kugawa viti saizi moja halafu mtu anaishia na vidonda. Hapo sina neno.

Shida ilianza tairi la mbele lilipokufa, tukaambiwa spea hakuna subirini, tukasubiri miezi 4 mtoto wa watu yuko ndani tu. Nikasema mbona kuna mfadhili alitoa hela ya matengenezo? Nikaomba ripoti ya mwaka na ya mkaguzi (mi mhasibu bwana, siwezi kujizuia) na nashukuru walinipa. Kumbe hela ya spea "waliiazima" wakalipia mishahara maana ruzuku nyingine ilichelewa! Jamani, hela iliyotolewa kwa kazi maalum ni ya kazi hiyo, ukitaka kuigeuza unamwomba mtoaji kwanza tena kwa maandishi. Na akiba yao haitoshi kuendesha shirika hata mwezi mmoja, wakati mashirika mengi hulenga angalau ya miezi 3 mpaka 6, sasa ruzuku ikichelewa wataacha kuazima?

Najua kuna watakaosema gharama zao za ofisi ni ndogo, wako safi. Ni ndogo mno ndo tatizo, mhasibu ni mmoja, analipa yeye, anaandika yeye, na kulinganisha na taarifa ya benki ni yeye yeye. Sisemi anaiba, nasema akikosea nani atajua?

Halafu bodi. Watu 9, mwenye ulemavu 1, na vikao wanafanyia ghorofani hakuna lifti, nilicheka kisha nikanuna. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2006 unazidai serikali ziwashirikishe watu wenye ulemavu kwenye maamuzi yanayowahusu, sembuse shirika lao wenyewe? Na anayewauzia viti ni shemeji wa mwenyekiti, wamelitaja wenyewe kwenye maelezo ya hesabu, sawa, ila muhtasari wa kikao hausemi kama mwenyekiti alitoka nje wakati wanampitisha huyo shemeji, wala kama kuna muuzaji mwingine aliyeombwa bei.

Nimewaandikia barua, wamejibu "tunalifanyia kazi". Tairi tumenunua wenyewe, fundi wao akaja kulifunga siku yake ya mapumziko.