Maabara iliyonisomea DNA ya mkilua: nyota tatu

Nilipeleka majani ya mkilua kutoka Kwale kwa maabara moja Nairobi, wanisomee jenomu ya kloroplasti, yaani DNA yote, yenye umbo la duara, iliyo ndani ya vijisehemu vya kijani vya seli za jani. Ndio mkilua huu huu ambao maua yake bibi yangu alitia kwenye kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia. Leo umo kwenye orodha ya mimea iliyo hatarini kutoweka. Majani niliyakausha kwa silika jeli, chembe za kufyonza unyevu, maana yakichelewa DNA hukatikakatika. Kazi yao safi, sikatai: faili zilikuja na ripoti ya ubora, na duara zima la DNA hiyo likaungana bila pengo. Lakini wiki 4 walizoahidi zikawa 11, simu hazipokelewi, kisha bili ikaongezwa “ada ya kushughulikia”. Kushughulikia nini tena? Nitarudi kwao, ila nusu ya majani itabaki kwangu.