Picha za vyumba vyangu zilitoka Morogoro Stores: uzoefu wangu na ushirika wa Tingatinga

Nina nyumba ndogo ya wageni Bagamoyo. Ilipokwisha kupakwa rangi sikutaka kuta zake zikae tupu, wala sikutaka kuzijaza yale mabango ya kuchapwa ya maua na maporomoko ya maji ambayo hakuna ajuaye yako nchi gani. Nikaenda Oysterbay, Dar es Salaam, pale Morogoro Stores, kwa ushirika wa wachoraji wa Tingatinga, zile picha za rangi za kung'aa za wanyama na maisha ya watu, nikaagiza picha za vyumba vyote na moja kubwa ya sebuleni. Kila niliyemweleza alishangaa: pale si ni pa wazungu? Ndiyo maana nimeona niandike kwa kirefu. Nimenunua vitu vingi kwa ajili ya biashara hii, na ni mara chache nimejua shilingi yangu imeishia mkononi mwa nani kama nilivyojua pale.

Ukifika, usitegemee ukumbi wa kimya wenye taa za kumulika. Wachoraji wamekaa barazani na chini ya mapaa ya vibanda, wengine kwenye vigoda, wengine chini kabisa, picha imeegemea magoti na makopo ya rangi yamewazunguka. Harufu ya rangi ya mafuta na tina inakupokea kabla ya mtu. Ndani, picha za watu wengi zimetundikwa pamoja, kubwa kwa ndogo, na pembeni mwa kila moja pana jina la aliyeichora. Nilisimama mbele ya picha ya korongo wawili waliozungushiana shingo, nikauliza ni ya nani. Kijana mmoja akanitangulia nje hadi kwa mzee aliyekuwa anatia madoa kwenye mgongo wa chui. Shikamoo, marahaba, karibu mama. Bei tukaizungumza mimi na mwenye kazi yake.

Kabla ya hapo nilikuwa nimeingia duka moja la vinyago na zawadi mjini. Picha za namna hiyohiyo zilirundikwa pale sakafuni, na nilipouliza mchoraji ni nani, muuzaji alinijibu, "Ni tingatinga tu, mama." Kwenye baadhi yake mahali pa jina palikuwa pamefunikwa rangi. Na bei ilikuwa juu kuliko ya Morogoro Stores! Aliyechora picha zile hatapigiwa simu aambiwe kazi yake imependwa, hataagizwa nyingine, na akizidi kuwa hodari mwakani hakuna mnunuzi atakayejua kwamba ni yeye yule. Kwangu mimi hili lilinitosha kuamua. Kwenye ushirika mtu na picha yake wanapatikana mahali pamoja, na jambo hilo peke yake linampa mchoraji nguvu ya kutaja bei yake mwenyewe.

Wengi tunalitaja jina la Tingatinga bila kujua lilikuwa la mtu. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa upande wa Tunduru mwaka 1932, akapita kwenye mashamba ya mkonge Tanga, kisha akaja Dar es Salaam kutafuta kazi kama vijana wengine wa wakati wake. Mwaka 1968 alianza kuchora kwenye vipande vya mbao ngumu za viwandani (hardboard), akitumia rangi za makopo za kung'aa, zile ambazo watu walizitumia kupaka baiskeli. Picha zake ziliuzwa hapohapo nje ya duka la Morogoro Stores, na mkewe Agatha alikuwa anakaa na kuziuza. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi, walidhani ni mhalifu anayetoroka. Kazi yake yote ya uchoraji ni ya miaka kama minne hivi.

Miaka minne! Aliacha wanafunzi wachache, akina Ajaba Abdallah, Omari Amonde, January Linda, Casper Tedo, Simon Mpata na Adeusi. Kila mmoja angeweza kushika njia yake, na leo tusingekuwa na la kuzungumza. Waliamua kukaa pamoja na kuuza pamoja, wakawaita ndugu na jamaa kutoka kusini, wakawafundisha, na mwaka 1990 umoja wao ukaandikishwa rasmi kuwa chama cha ushirika. Nikiulizwa ushirika ule umewasaidiaje wasanii wake, jibu langu linaanzia hapo: umeifanya kazi ya mtu mmoja aliyekufa kijana iwe riziki ya familia nyingi kwa zaidi ya nusu karne.

Mafunzo yenyewe niliyaona kwa macho, kwa kuwa picha zangu zilinirudisha pale mara kwa mara. Hakuna darasa wala ubao. Kijana anakaa ubavuni mwa mzee wake. Mwanzo anaosha brashi, anavuta kitambaa kwenye fremu na kukigongelea misumari, anakipaka tabaka la kwanza. Baadaye anaachiwa ardhi ya picha, yaani ile rangi ya nyuma, ambayo huwa nyeupe chini ikipanda taratibu kuwa buluu au ya machungwa, na hapo mkono usiotulia unaonekana mara moja. Rangi hiyo lazima ikauke kabla ya kuguswa tena, kwa hiyo kila mchoraji ana picha kadhaa zinazoendelea kwa zamu. Halafu ndiyo unakuja mwili wa mnyama, kisha madoa, kisha mistari myembamba ya macho na manyoya, na mistari hiyo mzee huishika mwenyewe mpaka aridhike na mkono wa kijana. "Mama, mimi sikufundishwa kwa daftari," mzee wangu aliniambia, "nilifundishwa kwa kukaa." Nilimuuliza kijana amelipa ada gani. Akacheka, akanionyesha makopo aliyoyasafisha asubuhi ile.

Sijui mahali pengine mjini ambapo kijana aliyetoka kijijini bila cheti wala mtaji anapewa brashi, kivuli, mwalimu na wateja kwa wakati mmoja. Msanii anayejitegemea lazima akodi chumba, anunue rangi zote, atafute wanunuzi, na akiugua biashara inafungwa. Pale wanagawana paa, wanaazimana kopo la nyekundu likiisha, na picha zinaendelea kuuzwa hata mwenyewe asipokuwapo. Picha mojawapo niliyoichagua ilikuwa ya mchoraji aliyekuwa amekwenda kwao msibani. Mwenzake aliipokea fedha, akaandika kwenye daftari jina la picha na la mwenyewe, akampigia simu mbele yangu, nami nikasalimiana naye na kumpa pole. Mtu yuko msibani, mbali na mji, na siku hiyo amepata kipato. Nilifurahi sana kuliona hilo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wengi hulilalamikia, nami nalikubali: picha zinafanana. Pundamilia watatu, twiga chini ya mgunga, safu ya Wamasai na Kilimanjaro nyuma yao, utaviona kwenye kila kibanda. Kwa desturi ya Tingatinga, umbo likishazaliwa linakuwa la wote, anayelipenda analichora. Desturi hiyohiyo ndiyo iliyowabeba wanafunzi wa kwanza, maana bila ruhusa ya kuiga wasingejifunza lolote, na kijana wa leo anaanza kula mapema kwa kuchora kile ambacho tayari kina soko. Lakini ina gharama yake. Mchoraji anayebuni kitu kipya leo anaweza kukikuta kibanda cha jirani kesho. Tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na picha ya mtu ni mali yake, ila kati ya watu wanaokula sahani moja nani atampeleka mwenzake mahakamani kwa sababu ya tembo?

Nimelifikiria sana hili na msimamo wangu ni kwamba sehemu kubwa ya lawama ni yetu wanunuzi. Mtu anayetakiwa kurudi na unga jioni atachora kilichouzwa jana. Kwa miaka mingi aliyenunua ni mgeni aliyetoka mbugani na anataka simba aliyemwona. Sisi wenyeji, ambao tungeweza kuomba mambo yetu, hatujitokezi. Uwezo upo: Mohamed Charinda alijulikana kwa picha zinazosimulia hadithi na maisha ya watu, na hospitali, soko na ngoma ni mambo ambayo Tingatinga imeyachora tangu zamani. Picha za aina hiyo zinahitaji mtu wa kuziagiza.

Mimi niliagiza Bagamoyo. Nilimwambia mzee sitaki simba hata mmoja. Nataka mnada wa samaki pwani, ngalawa zikirudi asubuhi, wanafunzi wa chuo cha sanaa wakipiga ngoma, mikoko, na magofu ya Kaole. Aliweka brashi chini. Akaanza kuniuliza maswali ambayo hakuna fundi mwingine wa nyumba yangu aliyeniuliza: wanawake wa mnadani wanabeba samaki kwenye nini, jua linatoka upande gani wa nyumba, mgeni akilala kichwa kinaelekea wapi. Kuhusu Kaole nilimweleza makaburi yenye nguzo, na kwamba kwenye nguzo zile palikuwa pamepachikwa bakuli za kaure kutoka Uchina. Alipenda habari ya bakuli kupita kiasi. Kwenye picha iliyotoka, kila nguzo ina bakuli la buluu na nyeupe, na juu ya bakuli moja ametua ndege ambaye sikumwagiza. Nimemwacha palepale, wageni wanamwulizia kuliko kitu kingine chochote ndani ya nyumba.

Utaratibu ulikuwa hivi. Alinichorea kwanza kwa penseli kwenye karatasi, tukakubaliana. Nikalipa nusu, iliyobaki siku ya kuchukua, kwa simu. Baadhi ya picha aliwagawia wenzake kwa kadiri ya ujuzi wa kila mmoja. Mikoko alimpa mtu mwingine kabisa, akasema yule anajua maji. Nilipenda kwamba hakutaka kushika kazi yote peke yake ingawa mteja alikuwa wake. Bei hutegemea ukubwa, wingi wa vitu ndani ya picha na jina la mchoraji, na wanaieleza bila kuzunguka. Mimi nilipunguziwa kidogo kwa kuwa niliagiza nyingi. Zaidi ya hapo sikubana, kwa sababu nilikuwa nimewaona wakifanya kazi.

Kwa wenzangu wa pwani nina neno kuhusu ubao na kitambaa. Mbao zile ngumu, ambazo karatasi moja ya futi 4 kwa 8 hukatwa vipande vinane vya futi 2 kwa 2, ndizo zenye historia na rangi hukaa juu yake vizuri ajabu. Ila kwenye hewa ya bahari hunyonya unyevu na kuvimba kingoni. Mzee mwenyewe ndiye aliyenishauri nichukue kitambaa kwa vyumba vinavyotazama pwani, na ubao kwa ukumbi wa ndani, ingawa vipande vya ubao vilikuwa tayari vimeshakatwa. Rangi hii haiogopi vumbi: kitambaa chenye unyevu kidogo kinaisafisha na mng'ao unarudi. Usikunje picha hata kidogo, itapasuka. Ukilazimika kuiviringisha, upande uliochorwa ukae nje, na isiwe mbichi. Mimi nilikodi kirikuu, tukazipanga zimesimama, magazeti katikati, zikafika Bagamoyo salama.

Ningependa kuona mambo mawili yakiongezeka pale. La kwanza, wanawake kwenye brashi. Wapo, na binti wa Edward mwenyewe, Martina, ni mchoraji, lakini ni wachache mno kwa kazi ambayo tangu siku ya kwanza ilisimama kwa sababu mwanamke alikaa juani kuiuza. La pili, maelezo nyuma ya picha. Mimi niliomba kila mchoraji aandike jina lake kamili, kwao ni wapi, mwaka, na picha inasimulia nini. Waliandika kwa furaha, mmoja akajaza mgongo mzima. Kama kila picha ingeondoka pale na maandishi hayo, hata lile duka la mjini lisingeweza kusema ni tingatinga tu.

Tathmini yangu: nyota tano kwa kazi, tano kwa namna wanavyomjali mteja, na tano kwa jinsi wanavyoshikana. Anayetaka kwenda achague siku ya kawaida, asubuhi, wakati wachoraji wana nafasi ya kuzungumza. Beba picha za mahali unapotaka pachorwe, hata za kwenye simu, na vipimo vya ukuta wako. Kama ni agizo la vitu vingi vidogovidogo, wape wiki kadhaa, maana rangi ina muda wake wa kukauka na haiharakishwi. Na uliza jina la mchoraji, uandike namba yake; mimi tayari nimempigia mzee kuhusu veranda ya nyuma, ameshaanza kuniuliza kuna miti gani.